Ibrahimu Aliongea Nini Njiani

Jumatano asubuhi Mama Rahab alivaa viatu vyake vya kanisa, na kanisa lilikuwa limefungwa.

Ngige, mwanawe wa pekee, mtu wa miaka arobaini, alimtazama kutoka mlangoni. Yeye alikuwa amemwambia wanaenda Kimilili kutembea tu, apate hewa. Viatu vile havivaliwi kwa sababu ya hewa.

"Mama, uko tayari?"

"Tayari kabisa. Twende tuione hiyo hewa. Ya hapa Matisi imeisha." Akamsukumia mfuko mkubwa. "Beba. Mimi ni mzee."

Mfuko ulikuwa mzito kuliko wa mtu wa kwenda na kurudi. Basi amejua, Ngige akawaza, na roho ikamchoma. Amejua, na bado anacheka.

Lakini Ngige alikuwa na sababu zake. Mama alikuwa anasahau. Mwaka huu peke yake walikuwa wamepotea kuku wanne, sufuria ya wageni, na blanketi ambalo halikuwa limetolewa kwenye karatasi yake ya dukani. Kila mara Ngige alimwambia, "Utakuwa umeweka mahali ukasahau," naye Rahab alijigonga kipaji cha uso: "Kweli, baba. Hiki si kichwa, ni chujio." Mtaa mzima ulishajua. Mtu kama huyo anataka kuangaliwa, na masista wa Kimilili walikuwa na nyumba ya wazee, safi, yenye maua mbele. Wazo lilikuwa la Ngige mwenyewe, hakuna aliyemfundisha. Karatasi ya masista ya kutangaza nyumba hiyo ilikuwa tu imekaa mezani wiki mbili, chini ya kikombe chake cha chai.

Jaswant, mwenye duka la mabati mjini Kitale, alikuwa anapeleka mzigo Kimilili na pikapu yake, akakubali kuwabeba. Rahab alikaa katikati, Ngige dirishani. Mikono ya Ngige ilitetemeka, akaibana katikati ya magoti. Jasho lilimtoka, na jua lilikuwa halijapanda.

"Mama Ngige," Jaswant akasema, "saa nane nikirudi nambeba dada yangu Kajal. Kiti kitabaki kimoja tu."

"Kimoja kinatosha," Rahab akajibu.

Ngige akageuka akayatazama mahindi ya watu.

Walipopita Kiminini, mama akamgusa goti. "Wewe ulienda shule ya Jumapili. Yule Ibrahimu alipoambiwa ampeleke mtoto mlimani, walitembea siku ngapi?"

"Mama, bana! Asubuhi yote hii?"

"Ngapi?"

"Ya tatu ndiyo waliuona mlima."

"Na Isaka alijua anapelekewa nini?"

"Hakujua. Aliuliza tu kondoo yuko wapi. Baba yake akamwambia Mungu atajipatia."

"Mjanja huyo mzee. Hakudanganya, na hakusema."

Jaswant akacheka. "Kwani hakuwa na bibi?"

"Alikuwa na Sara. Hakumwambia. Angemwambia, hiyo hadithi ingeishia mlangoni." Rahab akapangusa viatu vyake kwa ncha ya leso. "Mimi kinachonisumbua ni kimoja. Hizo siku zote njiani, Ibrahimu alikuwa anaongea nini na huyo mtoto?"

"Biblia haisemi."

"Haisemi kwa sababu ni aibu. Alikuwa anachekesha. Umpende mtoto, umpeleke mahali kama hapo, halafu unyamaze? Machozi si yatakutangulia kufika? Huyo mzee alichekesha mpaka punda akacheka."

Ngige hakucheka. "Na kama malaika hangekuja?" aliuliza polepole. "Si ni ukatili tu?"

"Hapo ndipo imani inakaa, baba. Unafanya kitu kinachofanana na ukatili, huku unamwambia Mungu: huyu nataka arudi nyumbani mzima."

Mara mbili Ngige alifungua mdomo amwambie Jaswant ageuze gari. Mara mbili akaufunga.

Walipofika sokoni Kimilili, alishuka kabla gari halijasimama vizuri. "Mama, nipe dakika moja nisalimie rafiki hapo nyuma ya soko."

Rahab alimshika mkono wa shati. "Rafiki atangoja. Masista hawangoji."

Ngige akaganda. "Nani alikutajia masista?"

"Kichwa ndicho husahau, Ngige. Masikio hapana."

Basi kila kitu kilikuwa wazi. Wakatembea mpaka kwenye geti la bluu la masista, na pale geti lilipofunguliwa Ngige akashindwa, machozi yakamtoka mbele ya mlinzi.

"Mama, nisamehe. Si ati sikupendi."

"Najua," Rahab akasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuwa na mzaha mdomoni. "Hata mimi."

Ngige akamshika mkono, akamwongoza taratibu kwenye vile vijiwe vya njia asije akajikwaa. Sista Jepkoech, mkubwa wa nyumba ile, alikuwa amesimama barazani akiwangoja. Ngige akajikaza, akasafisha koo.

"Sista, nimemleta mama."

Sista alimpita Rahab, akamwekea Ngige mkono begani.

"Karibu sana, Ngige. Wazee wako jengo lile. Wa kuacha pombe ni hili, na kitanda chako tumeshatandika. Sisi tulitaka kutuma vijana wanne wakulete kwa nguvu. Mama yako akatucheka, akasema, 'Msijisumbue, huyo atajileta mwenyewe, tena akiwa amenishika mkono.'"