Gia Moja Mpya

Oili iliyotoka ilikuwa nyeupe kama uji. Mwatime, fundi wa mashine za boti, alichovya kidole, akasugua, akahisi chembe za chuma.

"Maji yameingia kwenye mguu wa mashine," alimwambia Shekuwe, mwenye boti. "Meno ya gia zote mbili yamelika."

Shekuwe akampa gia kubwa mpya. "Dukani ilibaki hii moja. Ile ndogo irudishe ilivyo."

"Gia hubadilishwa pamoja. Ukiweka mpya na kuukuu, zitatafunana."

"Dada, hapa unafunga mashine au unasuluhisha ndoa?" Shekuwe alicheka. "Watu wa harusi wanangoja gatini. Navuka mlango wa mto tu. Kesho utaifungua tena."

Mwatime alitazama mlango wa mto. Maji yalikuwa yanatoka kwa kasi kwenda baharini, na mashine ikizimika pale, kasia halisaidii. Lakini alijua kwamba akikataa, Shekuwe ataifunga mwenyewe kwa nyundo. Akaipaka gia oili, akaifunga.

Shekuwe alizungusha pangaboi. "Si unaona? Inazunguka vizuri."

"Kwa mkono kila kitu huzunguka," alisema Mwatime.

Boti iliondoka imejaa, wanawake wakiimba na kupiga vigelegele. Mwatime alisimama gatini na oili mikononi, akijaribu kuisikia mashine chini ya sauti zao. Ilipofika mlango wa mto, boti ilianza kwenda upande.

Nyimbo ziliendelea.