Ujuzi Hauvuki Kizuizi

Daktari bingwa mpya akitoka nje ya wilaya aliyopangiwa, kidude alichopandikizwa kichwani humfungia ujuzi wake mpaka arudi. Wanasema bila hivyo sote tungekimbilia mijini. Mimi, bingwa wa uzazi, nilivuka kizuizi kwenda kumsalimia mama tu.

Tukiwa jikoni tunamenya ndizi, wifi yangu Tumpe, mjamzito wa miezi minane, akaanza kutokwa damu.

"Afadhali upo, wifi," alisema. "Nifanyeje?"

Nikamshika tumbo. Nilijua kuna kitu cha kufanya, tena juzi tu nilikifanya kazini.

"Sekela, si wewe daktari? Fanya basi!" mama akapiga kelele.

Nikachukua kanga, nikamfuta Tumpe jasho.

Baada ya mazishi nilipanda basi kurudi kituoni. Lilipovuka kizuizi tu, nikakumbuka yote, hatua kwa hatua.