Kengele Kubwa za Lauenegg

Tangu Jumapili, kila aliyeingia nyumbani kwa mzee Balz alivua viatu mlangoni na kunong'ona kama yuko kanisani. Keki za plamu zilikuwa zimefika nne jikoni, na nyumba nzima haina mwenye siku ya kuzaliwa. Balz, kitandani kwake ghorofani, alizihesabu kwa pua.

Wananificha jambo, alijiambia.

Miguu ilikuwa imemsaliti tangu Pasaka, na daktari wa bondeni alisema moyo wake umebaki kuning'inia kwa uzi mmoja. Lakini masikio yalikuwa mazima. Asubuhi hiyo alimsikia jirani yao, Melk, akizungumza chini ya ngazi na Regula, mke wa Balz.

"Una hakika, Mama Jost? Hili halijawahi kufanyika hapa kwetu."

"Litafanyika leo."

"Watu watasema."

"Waache waseme. Midomo ni yao, mume ni wangu."

Regula akapanda na kahawa. Balz akamtazama kwa utani.

"Kitendawili."

"Kunywa kahawa, bwana wewe."

"Kitendawili, nimesema."

"Haya, tega."

"Mwaka mzima kijakazi, siku moja bibi harusi."

Regula alikoroga kahawa. Mtoto yeyote wa Lauenegg anajua hicho: ni ng'ombe, siku anayoteremka kutoka malisho ya mlimani, taji la maua kichwani na kengele kubwa shingoni. Na siku yenyewe ndiyo hiyo. Jost, mtoto wao wa pekee, alikuwa huko juu na kundi tangu Juni.

"Umeshindwa? Basi nipe mji."

"Chukua Lauenegg," alisema Regula, akageukia dirisha.

Balz akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Lauenegg bado ni yetu ya kugawa?"

Kikombe kiligonga kisahani.

"Najua mnachonificha, mama. Ni kura."

Jumapili kijiji kilikutana shuleni kunyoosha mikono: kibaki na baraza lake, kama kilivyokaa miaka na miaka, au kimezwe na manispaa kubwa ya bondeni. Balz alikuwa mwenyekiti miaka kumi na tisa, na alikuwa ameapa kwamba cheti chake cha kifo hakitaandikwa na karani wa bondeni.

Regula alikaa ukingoni mwa kitanda. Akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Ndiyo," akasema. "Tumeshindwa."

"Kwa ngapi?"

"Kwa kura moja."

Balz alilala akiitazama dari. Moja. Ingekuwepo moja zaidi zingelingana, na zikilingana neno ni la mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa mtu wao.

"Jost aliteremka kupiga kura?"

"Hakuteremka."

"Aliniahidi. Nilimwambia ng'ombe watajilinda nusu siku, kijiji hakiwezi kujilinda."

"Hakuteremka, Baba Jost."

"Basi akifika asipande ngazi yangu. Simtaki machoni."

Regula alinyoosha blanketi palipokuwa pamenyooka tayari. "Hatapanda," akasema.

Saa nne ikapita. Ikaja saa tano. Njia ilikuwa kimya, na kimya hicho kikaanza kumtafuna Balz. Aliwahi kusikia kundi likiteremka kimya, mwaka ule ndugu yake Wendel alipoteleza mwambani. Kiangazi kikichukua mtu, ng'ombe wa Lauenegg huteremka uchi, hawana ua, hawana kengele kubwa. Husikii ila kwato juu ya mawe. Miaka arobaini, na sauti ya kwato zile bado ilikuwa ikimwamsha.

"Regula. Mbona wamechelewa?"

"Kuna ukungu juu."

"Simama dirishani. Simama hapo uniambie."

Ndipo ikasikika. Kwanza ile nzito, kengele kubwa kama ndoo, ya Gemsi, ng'ombe anayetangulia kundi. Kisha ya Bruni, iliyopasuka kidogo ukingoni. Kisha nyingine na nyingine, mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Balz alizihesabu kwa kidole juu ya blanketi. Kumi na saba. Hakuna iliyopungua.

"Wana maua?"

"Mpaka kwenye ncha za pembe."

"Na gari la jibini la kiangazi?"

"Linakuja nyuma yao."

"Limejaa?"

Regula aliegemeza paji la uso kwenye kioo. "Limejaa."

Machozi yalimtoka Balz, akayaacha yateremke yenyewe. Alikuwa mzee sasa. Haya ya nini.

"Mimi mpumbavu, mama. Mlima umenirudishia mtoto, na mimi nimekaa hapa namgombeza kwa ajili ya muhuri na viti vya baraza. Wachukue kijiji. Wachukue na kengele ya shule, haina sauti hata hivyo." Alitafuta mkono wa mkewe. "Usilie, nawe. Shuka umwambie baba yake hana kinyongo. Mwambie apumzike kwanza, amefanya kazi kiangazi kizima. Ngazi yangu haikimbii."

"Nitamwambia."

"Mwambie sasa hivi, kabla hajadhani nimekasirika."

Regula alimfunika mpaka kidevuni, akashuka. Chini ya ngazi alivua aproni yake ya maua, akaitundika. Gauni la ndani lilikuwa jeusi.

Uani, wanaume walikuwa wamesimama na kofia zao mikononi. Melk alimpisha. Regula akapita katikati ya ng'ombe waliovikwa mataji, hadi kwenye gari la jibini, akaweka kiganja juu ya sanduku refu la mbao mbichi.

"Jost," alisema, "baba yako hana kinyongo. Anasema upumzike."