Alama za Kwato Dunga

Watu watatu walishasema ni mbuzi. Debra, anayejitolea kutambua picha za wanyama zinazotumwa na wakazi wa kandokando ya ziwa, alibakisha kubonyeza tu akubaliane nao.

Picha ilikuwa ya matope, kwenye mafunjo ya kinamasi cha Dunga. Mama mmoja msusi wa mikeka aliipiga kwa hasira na kuandika: "Mbuzi wa watu wanamaliza mafunjo yetu!"

Debra akaikuza. Alama za kwato zilikuwa ndefu, nyembamba, zimetanuka kama vidole viwili vinavyoogopa kuzama. Mbuzi gani huyo? Huyu alikuwa nzohe, swala wa kwenye majimaji, ambaye wengi walisema ametoweka Dunga.

Kando yake palikuwa na alama nyingine, ndogo, hazizidi kidole gumba.

Akampigia simu yule mama mbio mbio.

"Mama, hao si mbuzi. Ni nzohe, na ana mtoto."

"Nzohe? Wacha mchezo, Debra!"

"Haki ya Mungu, Mama."

Nyuma ya sauti ya Mama mapanga yalisikika yakikata mafunjo. Mama akawapigia wenzake kelele kwa Kijaluo. Panga moja likanyamaza, halafu jingine, halafu yote.