Miwani ya Mbwana

Kila mwaka sheria iliwataka wanandoa kubadilishana miwani ya mtazamo kwa siku moja, ili wakue. Mwanamkuu alipovaa ya mumewe, Mbwana, kila ambacho mume hakukijali kiligeuka ukungu. Alisimama mbele ya kioo akaona ukungu mtupu. Akachungulia dirishani: kwa jirani yao Salha, kanga iliyoanikwa kambani ilikuwa wazi hata nyuzi zake zingehesabika.

Mbwana alitoka chumbani na miwani ya mkewe usoni, machozi ya furaha yakimlengalenga.

“Mama watoto, kumbe kwako mimi ni jibaba namna hii! Wallahi leo nimekua.”

Jioni karani wa sheria alipiga simu.

“Bwana amesema amekua. Na wewe, mama?”

“Mimi,” alisema Mwanamkuu, “nimeona.”