Nguchiro Avumbua Nchi

Basi alikuwako Nguchiro mmoja, mwenye maneno matamu na tamaa isiyo na breki. Aliunda merikebu, akawaaga majirani kuwa anakwenda ng'ambo kufundisha dini. Lakini lile sanduku la chuma alilopakia, kubwa na tupu, lilikuwa la kujazia dhahabu na pilipili manga. Akaliweka ubavuni mwa dira, apate kulilalia.

"Nahodha," akasema Bata, mshika usukani, "chuma huvuta sindano ya dira. Tulisogeze."

"Mpate kuniibia? Wewe shika usukani!"

Ukungu ukatanda. Sindano ikang'ang'ania sanduku, Bata akafuata sindano kama alivyoamriwa, merikebu ikazunguka weee, mpaka ikapanda ufukweni. Nguchiro akaruka, akachomeka bendera kwenye tuta la kwanza alilolikuta.

"Nchi hii nimeivumbua mimi! Pilipili yake yote ni yangu!"

Mlango ukafunguka hapo hapo kwenye ukungu. Akatoka mkewe, mwiko mkononi.

"Karibu, baba watoto. Hiyo bendera ing'oe kwenye mchicha wangu. Kisha ingia ndani umwamshe mama yako, umwambie umemvumbua."