Msomaji wa Alfajiri

"Kaja tena," Shaali alimwambia mkewe, Hidaya, wakinywa chai.

Programu ya tovuti aliyoiunda na kuitoa bure kwa yeyote hakuna aliyeichukua. Aliitumia peke yake, kuandikia maoni juu ya riwaya alizosoma. Lakini kila alfajiri msomaji mmoja alifika, akafungua ukurasa mpya, akaondoka kimya.

"Mwaka mzima mgeni hana jina, Baba Nuru?" Hidaya aliuliza. "Hebu mtafute."

Shaali akafuatilia anwani ya mgeni. Ikamrudisha humo humo nyumbani, kwenye kikompyuta kilichokuwa kikivuma juu ya kabati. Msomaji wake alikuwa programu ndogo aliyoiandika mwenyewe zamani, iwe ikiamka alfajiri kukagua kama tovuti ingali hai. Aliiwasha, akaisahau.

"Umempata?"

"Nimempata. Yuko mbali."

"Maskini. Siku akifika mjini kwetu, mlete anywe chai."

Shaali akainuka, akaenda kabatini na kushika waya ili auchomoe. Kikompyuta kilikuwa cha moto, kimejaa vumbi. Mkono mmoja ukiwa bado kwenye waya, akaanza kukipangusa kwa upindo wa shati, polepole, kama anayempangusa mgonjwa jasho.